Jinsi Tulivyolificha Jeshi la Masunga

Vijana wangu, picha zenu nimezitazama mpaka chai ikapoa. Nimewaona askari wenu wa sayari za mbali, mavazi yao ya chuma, na zile bunduki zinazometameta. Mnachora kwa kompyuta, mnakuza jicho la askari mpaka kope zinaonekana moja moja. Mimi brashi zangu nilizitengeneza kwa singa za mkia wa ng'ombe, na zilikuwa zikinyonyoka katikati ya kazi. Kwa hiyo nawaonea wivu, nasema wazi.

Ila kuna askari mmoja mmeandika chini yake kwamba amejificha, adui asimwone, na huku mwili mzima unawaka taa kama duka la vifaa vya harusi. Huyo kajificha vipi? Na ile bunduki yake kubwa, akitaka kulenga, mkono wa pili anauweka wapi? Nimeitafuta sehemu ya kushikia, sijaiona.

Msinune. Maswali hayo niliulizwa mimi nikiwa kijana kama nyinyi, na sikuwa na majibu. Mnadhani vita vya nyota vimeanza kuchorwa juzi? Hapa kwetu jeshi la nyota lilitengenezwa miaka ya sabini, kwa magunia ya pamba, madebe na majivu, na fundi wake ni mimi.

Kazi yangu ilikuwa mabango. Nilikuwa na kibanda Shinyanga mjini, karibu na stesheni, naandika majina ya maduka, hoteli, na maneno ya nyuma ya malori. Marehemu baba alikuwa mfanyabiashara kutoka Ujiji, mama Msumbwa wa Ushirombo, na wote wawili walisikitika nilipochagua rangi. Siri ya bango ni kivuli. Ukiandika herufi nyekundu peke yake, imelala. Ukiipigia kivuli cheusi chini na kuliani, inainuka ubaoni, na mtu aliye mbali na baiskeli yake anasoma. Kila kitu nilichojifunza kilikuwa cha kufanya kitu kionekane. Hilo mliweke akilini, maana ndilo lililonitia matatani.

Siku moja akaja kibandani mwanamume mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Alisema anaitwa Masunga, manju wa ngoma kutoka upande wa Segese, na anataka nimtengenezee jeshi.

Nyie wa mjini huenda hamjui mashindano ya ngoma yalivyokuwa. Baada ya mavuno, makundi mawili yanakutana uwanja mmoja, siku moja. Hili linacheza upande huu, lile upande ule, kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru kutembea. Jua likizama, wazee wanaangalia umati uko wapi, na kundi lenye umati ndilo limeshinda. Hakuna alama. Ndiyo maana kila manju alitafuta kituko cha kuvuta macho: huyu analeta chatu, yule anachonga ndege ya mbao na kuipandisha juu ya mkokoteni wa ng'ombe.

Masunga alikuwa ameshindwa misimu miwili mfululizo, na mara zote na mtu yule yule, manju Kisena. Alikaa juu ya debe langu la rangi akanieleza bila kuficha.

"Wachezaji wangu wameniambia," alisema. "Nikishindwa tena mwaka huu, wanahamia kwa Kisena. Wote. Hata mpiga ngoma wangu mkubwa. Kundi hili aliliacha baba yangu. Nikilipoteza, nitarudi nyumbani nikapige ngoma nani anaicheza?"

Nikamuuliza jeshi analotaka ni la namna gani. Akaniimbia wimbo wake, pale pale kibandani, wateja wangu wakasimama mlangoni.

Zilikuwa siku ambazo redio ilikwisha kutangaza kwamba watu wamekwenda mwezini, na kila mtu alijiuliza wamefuata nini huko. Masunga alikuwa na jibu lake. Katika wimbo wake jua limezeeka likazima. Dunia na nyota zote ni giza na baridi. Watu wamegawanyika mafungu mawili. Watu wa Tanuri wamejifungia chini ya ardhi na moto wa mwisho. Wanamajivu wamebaki juu, hawana kitu, wanatembea gizani wakinyonya joto kutoka miili ya wengine. Wanamajivu wakimpiga mtu, joto lake linaingia kwao, wanapata nafuu kidogo tu, halafu wanapoa kuliko mwanzo. Kwa hiyo lazima wapige tena. Vita haviishi, na hakuna anayeshinda.

"Na wewe uko upande gani?" nikamuuliza.

"Wa majivu," akasema. "Wale wengine wana moto, nani atawahurumia?"

Nilivutiwa sana. Sikulala vizuri kwa kuwaza bunduki ya kunyonya joto itafananaje. Nikatengeneza ya kwanza kwa debe na bomba la baiskeli, nikaipaka nyekundu na njano, nikaitia nyota, nikapiga na kivuli. Nikampelekea Masunga kwa furaha yote.

Aliigeuza, akaiinua, akaishusha. "Joto linaingilia wapi?"

"Hapa mdomoni."

"Mdomo mwembamba hivi ni wa kutema. Hii si inavuta? Na likishaingia linakaa wapi? Na linamfikiaje mwenye bunduki?"

Sikuwa nimefikiria lolote katika hayo. Nilikuwa nimechora bango la bunduki.

Nikaenda Geita kutafuta mabomba, maana mgodi ulikuwa umefungwa na vyuma chakavu vilikuwa vinapatikana kwa watu waliowahi kufanya kazi mle. Mzee mmoja aliyekuwa akitoboa miamba alinionyesha mashine yake ya zamani, amelala nayo uani kama mke wa pili. Mpini ulikuwa umeng'aa pale tu kiganja kinapokaa. Upande mmoja palikuwa na waya uliofungwa kushikilia ufa. Juu kidogo palikuwa peusi kwa moto wa kazi. Nikamwambia, "Mzee, mashine hii hata asiyejua kusoma anaweza kujua ilitumikaje." Akacheka, akasema ndivyo chuma kilivyo.

Nikaichora ile mashine siku nzima, vijana, bila kuigusa bunduki yangu. Niliporudi nilianza upya. Mdomo nikaupanua kama faneli, kwa kuwa unavuta. Shingoni nikaweka mpira wa maji. Nyuma nikafunga kibuyu kikubwa, tumbo la kuhifadhi joto, nikakivika kipande cha blanketi ili joto lisivuje. Kutoka kwenye kibuyu mpira mwingine unaingia ndani ya shati la askari, kifuani, ili joto limfikie. Mpini nikausugua kwa mchanga mpaka ukang'aa pale pa kiganja. Nikatengeneza za jeshi zima kwa mtindo huo, na moja nikaipasua kusudi nikaifunga waya. Na ndani nikatia mchanga, kwa sababu mkono unaobeba kitu chepesi unajulikana mara moja. Kisha nikasema kila mchezaji aijue bunduki yake, akiulizwa aeleze.

Hilo la kueleza lilituokoa mapema. Katibu wa tawi la chama alisikia kuna watu wanatengeneza silaha, akaja na mgambo wawili. Mchezaji mmoja, Nkwabi, kijana mcheshi, akasimama na kumweleza mpira kwa mpira, kibuyu kwa kibuyu.

Katibu alisikiliza amekunja uso. "Kwa hiyo huyu anaishi kwa joto la mwenzake?"

"Ndiyo, ndugu."

"Basi ni mnyonyaji."

"Mnyonyaji kabisa, ndugu."

Uso ukakunjuka. "Safi. Mtieni na kitambi, kama mnyonyaji wa kwenye mabango."

Tulikubali kwa kichwa, na alipoondoka hatukumtia. Mtu anayekufa kwa baridi atatoa wapi kitambi?

Sasa nifike kwenye kuficha, ambako mnakosea zaidi. Masunga alitaka Wanamajivu wasionekane mpaka wainuke ghafla. Nikajaribu mabaka ya kijani na kahawia kama niliyoyaona kwenye picha za majeshi. Mjomba wake Masunga, Mzee Luhende, akacheka mpaka akashika ubavu. Mzee huyu alipelekwa Burma na jeshi la mkoloni, akarudi na kovu la shingoni na tabia ya kutokaa mlangoni.

"Kijani cha wapi?" aliniuliza. "Mwezi wa saba huu. Toka nje uniletee jani la kijani."

Nje palikuwa na vumbi, mabua ya mahindi, mawe na vichuguu. Nikarudi mikono mitupu.

"Mbuzi yule, tumbo lake rangi gani?"

"Jeupe."

"Na mgongo?"

"Wa kahawia."

"Kwa nini?"

Sikujua. Akanipeleka nikachuchumae. Jua linapiga mgongo, mgongo unang'aa. Tumbo liko kivulini, linakuwa jeusi. Macho yakiona juu panang'aa na chini ni peusi, yanasema hicho ni kitu. Mnyama mwenye mgongo wa giza na tumbo jeupe anaufuta ule mwanga na kile kivuli, anakuwa bapa, anapotea. Nikapigwa na butwaa. Yaani ilikuwa kazi yangu ya mabango iliyogeuzwa kichwa chini! Mimi nilikuwa naongeza kivuli ili herufi iinuke, na mnyama anakifuta ili alale.

Tangu hapo nilipaka kinyume. Gunia la mgongoni nikalitia masizi ya bomba la lori, udongo na oili chafu. Sehemu za chini nikazipaka majivu na chokaa, nikashikiza kwa uji wa muhogo, kwa kuwa rangi ya dukani ilikuwa haipatikani. Mzee Luhende akaongeza yake: binadamu anajulikana kwa kichwa na mabega mawili yanayolingana, kwa hiyo weka mabua bega moja tu, bega lingine liache. Na la mwisho alilisema kila siku: rangi zote ni bure ukitikisika.

Tukamjaribu yeye mwenyewe. Alilala nyuma ya nyumba ya Masunga, na mke wa Masunga akatoka na ungo akaanika muhogo juu ya mgongo wake. Mzee hakutikisika. Tulipiga kelele za furaha, tukabebana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa akajiuliza tunawaficha wasionwe na nani.

Siku ya mashindano uwanja ulikuwa Nyahanga, Kahama. Wanamajivu waliingia mapema, kabla ya watu, wakalala upande wetu kati ya vichuguu na mabua. Masunga na wapiga ngoma wake walilala nao kifudifudi chini ya magunia, ngoma zimefunikwa, na filimbi iko mdomoni mwa Masunga. Mpango ulikuwa hivi: watu wakija wakajaa, atasikia miguu yao, atapuliza, jeshi linyanyuke.

Mimi nilisimama pembeni nikasubiri. Watu wakaanza kuja, kina mama na mabeseni yao, wanaume na baiskeli. Wakatazama upande wa Kisena: ndege ya mbao, ngoma zinarindima, wachezaji wamevaa manyoya. Wakatazama upande wetu, wakaona mawe na vichuguu. Wote wakaenda kwa Kisena. Mtu angekwenda kutazama nini kwetu?

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Jeshi lilikuwa linasubiri watu ndipo linyanyuke. Watu walikuwa wanasubiri jeshi ndipo waje.

"Masunga kaogopa," mtu mmoja alisema karibu yangu. "Hakuja."

Neno hilo likapita uwanja mzima. Jua likapanda, likaanza kuinama. Nilijua kila mmoja alipolala, na hakuna aliyetikisa hata kidole. Mzee Luhende aliwafundisha vizuri mno. Ningekwenda kumnong'oneza Masunga? Angenyanyuka mbele ya uwanja mtupu, akachekwa, na wachezaji wake wangevuka kwa Kisena wakiwa bado wamevaa magunia yangu. Ningenyamaza? Jua lingezama. Nilimhurumia mtu yule.

Akatokea mbuzi. Aliingia upande wetu taratibu, akaenda moja kwa moja kwenye bega la Nkwabi, akaanza kula mabua. Bega la Nkwabi lilikuwa linaliwa, mwenyewe ametulia kama gogo. Nikakimbia nikamfukuza mbuzi. Nilipojikuta katikati ya uwanja mtupu, nimesimama peke yangu, wazo likanijia. Sikurudi. Nilisimama pale pale, nikainamisha kichwa, nikaitazama ardhi. Niliitazama kwa bidii, kama fundi anayekagua herufi.

Akaja mzee mmoja na baiskeli. "Unaangalia nini?"

"Naangalia."

"Nini?"

"Hicho," nikasema, bila kunyoosha kidole.

Akainama na yeye. Wakaja vijana wawili kuona tunatazama nini. Wakaja wengine kuona wale vijana wanatazama nini. Kila aliyefika aliuliza, na aliyetangulia, kwa kuona aibu kusema hajui, alijibu, "Subiri utaona." Watu walitoka kwa Kisena mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Mama mmoja aliyebeba beseni la viazi alichoka kusimama, akaona jiwe zuri, akaketi juu yake, beseni akaliweka chini.

"Jiwe hili lina joto," akamwambia jirani yake.

Lilikuwa Mzee Luhende.

Filimbi ikalia. Ardhi ikanyanyuka pande zote, majivu yakimwagika, midomo ya faneli imeelekezwa kwa watu, na lile jiwe likasimama na yule mama juu yake. Vijana, sijawahi kusikia kelele ile tena maishani. Watu walikimbia. Walikimbia wote, wakaruka mabua, wakaangusha baiskeli, wakaenda kujibanza nyuma ya ndege ya Kisena. Uwanja wetu ukabaki mtupu kuliko asubuhi.

Masunga aliondoa gunia usoni. Alitazama vumbi la miguu ya watazamaji wakienda kwa Kisena. Macho yalimjaa machozi, na hakuyafuta. Wachezaji walianza kutazamana. Mpiga ngoma mkubwa alishusha fimbo zake.

Yule mama alirudi peke yake. Viazi vyake vilikuwa miguuni kwa Mzee Luhende. Alikuja kwa kunyata, akaliinua beseni, akageuka kuondoka, kisha akasimama. Akamtazama mzee kuanzia juu mpaka chini.

"Hiyo kitu," akasema, "inapigaje?"

"Haipigi, mayu, mama yangu," Mzee Luhende akajibu. "Inavuta. Joto lako linaingilia hapa, linapita hapa, linalala humu ndani ya kibuyu, halafu linakuja kifuani kwangu."

"Na mimi?"

"Wewe unakuwa majivu."

"Uuu!" Akaliweka beseni chini tena. "Na blanketi hili la nini?"

Waliomwona anaongea wakasogea. Wengine wakafuata. Muda si mrefu kila Mwanamajivu alikuwa amezungukwa, na kila mmoja anaeleza bunduki yake, na watu wanapitisha mikono kwenye mipira, wanauliza ufa ule ulitokea vita gani, wanabishana kama joto la mzee linatosha kumshibisha kijana. Masunga aliwaambia wapiga ngoma waache kwanza. Upande wa pili ngoma za Kisena zikaendelea kidogo, zikapungua, zikanyamaza. Wapigaji wake walikuwa wamekuja kuuliza.

Mwisho akaja Kisena mwenyewe, jasho linamchuruzika, manyoya kichwani. Watu wakampisha. Wazee waamuzi walikuwa nyuma yake. Hakumsalimia Masunga. Alichukua bunduki kutoka mkononi mwa Nkwabi, akaigeuza, akaulizia kila mpira, na mimi nikamjibu. Kisha akaweka kiganja chake kwenye mdomo wa faneli, akafumba macho. Wote tulijua akicheka tu, watu watacheka naye, na mambo yetu yameisha.

"Nasikia baridi," Kisena akasema.

Watu wakapiga vigelegele, wakasukumana, kila mtu anataka kuweka kiganja chake. Jua lilipozama hakukuwa na mtu hata mmoja upande wa ndege. Hakuna mchezaji aliyemhama Masunga, si siku ile wala miaka iliyofuata.

Kisena, alipofumbua macho pale, alinirudishia bunduki ile mimi mwenyewe, mkononi. Ilikuwa imekaa juani tangu filimbi ilipolia, na faneli yake ilikuwa ya moto kama sufuria jikoni.